Tovuti isiyo na bei ni duka lililofungwa

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewafariji wafanyabiashara wengi wadogo, hasa wale wanaosindika na kufungasha vyakula, ambao huamini kwamba bidhaa ikiwa nzuri mteja ataitafuta mwenyewe. Sokoni jambo hilo lina ukweli wake, kwa sababu mteja huona, hugusa, hunusa na pengine huonja kabla ya kutoa fedha. Kwenye intaneti hakuna anayeonja. Huko, kizuri kisichojieleza hakitofautiani na kibaya, na mteja hupita akaenda kwingine.

Nimeyakumbuka haya baada ya mazungumzo na mama mmoja anayefungasha asali jijini Dar es Salaam. Asali yake huinunua kwa wafugaji nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora, huisafirisha kwa ndoo za lita 20, kisha huichuja na kuijaza kwenye chupa. Ni asali nzuri. Mimi mwenyewe ni mteja wake. Alitafuta fundi akamtengenezea tovuti, akalipa. Miezi mitatu ikapita simu haijalia. Akatokea kijana mwingine, akamweleza kwamba tatizo lake ni uhaba wa watu wanaoitembelea tovuti hiyo, akamuuzia wageni 10,000. Kwa kuangalia hesabu ya tovuti, wageni hao walikuja kweli. Chupa zikabaki pale pale.

“Kaka, watu elfu kumi wamepita dukani kwangu, hata mmoja hakuuliza bei,” aliniambia kwa uchungu.

“Mama, hiyo bei umeiandika wapi?” nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. “Nimeandika wapige simu.”

Ndugu msomaji, hapo ndipo ulipo ugonjwa wa biashara nyingi ndogo za chakula kwenye mtandao. Tunalalamika kwamba wageni ni wachache, tunakopa kuwanunua, lakini wale wachache wanaokuja wenyewe tunawafungia mlango. Fedha aliyoitumia mama yule kununua wageni ilikuwa ya kununulia ndoo nyingine za asali. Kwa hiyo hasara haikuishia kwake. Ilifika hadi kwa mfugaji nyuki aliyekuwa akimsubiri arudi.

Maoni yangu ni haya: njia ya kwanza na ya gharama nafuu ya kupata wageni wengi kwenye tovuti ya chakula ni kuandika wazi yale ambayo mnunuzi anayatafuta, tena kwa maneno anayoyatumia mwenyewe. Bei iwe ya kwanza. Matangazo ya kulipia yafuate baadaye, yakihitajika.

Tuanze na namna watu wanavyofika kwenye tovuti. Mtu anapoandika maneno kwenye Google, hatafutiwi kwenye intaneti nzima wakati ule ule. Google ina programu zinazopita kwenye kurasa mbalimbali mapema, zikisoma yaliyoandikwa na kuyaweka kwenye orodha kubwa. Mtu akiuliza jambo, orodha hiyo ndiyo inayopekuliwa, kisha hupewa kurasa zinazoonekana kujibu swali lake. Ni sawa na mtu anayezunguka sokoni asubuhi akiandika kila meza inauza nini, ili mama mwenye kikapu akifika aelekezwe. Meza ambayo haina neno lolote ataiandika vipi?

Sasa tazama tovuti nyingi za vyakula vyetu. Juu kuna picha kubwa ya machweo. Chini yake kuna maneno kama “ubora wetu ndio fahari yetu”. Jina la bidhaa, ujazo na namba ya simu vimechorwa ndani ya picha ya tangazo, ile ile iliyotumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa macho ya binadamu inapendeza. Kwa programu inayosoma kurasa, maneno yaliyochorwa ndani ya picha hayana uhakika wa kusomeka kama yale yaliyoandikwa kawaida. Matokeo yake, anayetafuta “asali ya Tabora lita moja bei Dar es Salaam” haletewi tovuti ya mama yule, kwa sababu hakuna sentensi hata moja ndani yake yenye maneno hayo.

Dawa yake haihitaji fundi wa gharama. Andika kichwa cha ukurasa kinachosema unachouza na mahali ulipo. Kisha andika kwa Kiswahili cha kawaida: asali ya nyuki wakubwa kutoka Sikonge, Tabora, chupa ya nusu lita na ya lita moja, bei ya kila chupa, tunapatikana mtaa fulani, tunapeleka maeneo haya na haya. Ukiuza na asali ya nyuki wadogo, ipe ukurasa wake, kwa maana wanaoitafuta hiyo ni watu wengine na bei yake ni nyingine. Muuza mchele naye aandike “mchele wa Kyela” au “mchele wa Morogoro” kama ndiko unakotoka kweli, maana mama wa nyumbani hatafuti “nafaka bora”, anatafuta mchele anaoujua kwa jina.

Aidha, wapo wanaouza ujanja kwamba ukijaza maneno mengi yaliyofichwa nyuma ya ukurasa utapanda juu. Google yenyewe ilieleza mwaka 2009 kwamba haitumii ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya ukurasa katika kupanga matokeo. Vilevile, nafasi katika matokeo ya kawaida haiuzwi. Kinachouzwa ni nafasi za matangazo, nazo huwekewa alama. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba ukimlipa leo kesho utakuwa wa kwanza, na kwamba ana njia yake huko ndani, funga mkoba wako.

Turudi kwenye bei, kwa sababu najua wengi watanipinga. Nimewauliza wafanyabiashara kadhaa kwa nini wanaificha, na sababu zao ni tatu. Ya kwanza, mshindani ataiona. Ya pili, bei hupanda na kushuka. Ya tatu, mteja akiiona bila kuelezwa ataogopa.

Kuhusu mshindani, tusidanganyane. Mshindani wako anaijua bei yako tangu juzi. Alimtuma mpwa wake apige simu akijifanya mteja. Asiyeijua ni mnunuzi pekee. Kuhusu bei kubadilika, andika tarehe: “bei hizi ni kuanzia tarehe mosi mwezi huu”, na mwezi ukigeuka uzipitie tena. Muuza nyanya gengeni hubadilisha bei kila siku na bado anawajibu watu. Kuhusu mteja kuogopa, atakayeogopa bei kwenye ukurasa ataiogopa pia kwenye simu, ila atakuwa amekupotezea dakika kumi. Wapo pia wenye uwezo wa kulipa lakini wana aibu ya kuuliza na kisha kusema “nitakupigia”. Hao ukiwaficha bei hutawasikia kamwe.

Kama una bei ya jumla, hiyo waweza kuiacha ya mazungumzo. Lakini onyesha inaanzia wapi, kwa mfano ndoo moja ya lita 20 au katoni mbili, ili mwenye duka ajue kwamba naye ana nafasi kwako.

Jambo jingine linalowachanganya wanunuzi ni vipimo. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4. Muuzaji mmoja anataja bei ya kilo, mwingine ya lita, na mnunuzi asiyejua tofauti hiyo humwona wa lita kuwa mwizi. Ukiandika vyote viwili, yaani lita moja sawa na takriban kilo 1.4, umemsaidia kulinganisha kwa haki, na pengine umelinda jina lako bila kumsema mtu.

Hapo tunafikia chanzo cha pili cha wageni, nacho ni maswali. Kila muuza asali ameulizwa mara nyingi: “Mbona asali yako imeganda? Umeweka sukari?” Kuganda ni tabia ya kawaida ya asali nyingi halisi, kutokana na sukari ya asili ya glukosi iliyomo ndani yake. Ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, bila kuichemsha, hurudi kuwa laini. Swali hilo unalojibu kwa mdomo kila wiki liandikie ukurasa. Watu wengi wanalo, nao huliuliza kwenye simu zao usiku wakiwa na chupa mkononi. Atakayewajibu vizuri ndiye watakayemkumbuka chupa ikiisha.

Na ujibu kwa ukweli hata pale ambapo ukweli unakupunguzia mauzo. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa asali, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvidhibiti, na vikamletea ugonjwa hatari. Liandike jambo hilo waziwazi. Muuza unga wa lishe naye aandike kwamba mtoto hunyonya maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita, ndipo uji uanze. Mama akikuta muuzaji anayemwambia “usinunue bado”, atamwamini siku ya kununua itakapofika, na atawaambia wenzake kliniki.

Imani ndiyo mtaji mkubwa zaidi kwenye biashara hii, kwa kuwa mnunuzi anaombwa atume fedha kwa mtu asiyemwona. Tangu huduma za fedha za simu zianze nchini mwaka 2008, kulipa kumekuwa rahisi, na kutapeliwa kumekuwa rahisi vilevile. Kwa sababu hiyo, lipa namba yako ionyeshe jina la biashara linalofanana na lile lililoko kwenye lebo na kwenye tovuti. Mteja akiona jina la biashara kwenye tovuti, jina la mtu asiyemjua kwenye simu, na jina la tatu kwenye chupa, atarudisha fedha yake mfukoni, na mimi simlaumu.

Kwenye chakula kuna pia suala la viwango. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula, uliokuwa chini ya TFDA, ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kwa miaka mingi wajasiriamali wadogo wamekuwa wakipitia SIDO kupata barua ya utambulisho ya kuwapeleka TBS. Ukishapata alama ya ubora, ionyeshe kwenye ukurasa, na picha yako iwe ya chupa yenyewe yenye lebo. Kama bado hujaipata, usiibandike ya kughushi. Anza safari ya kuitafuta. Hakuna idadi ya wageni itakayomwokoa mtu anayekamatwa na alama ya uongo.

Chanzo cha tatu ni mahali ulipo. Google hutoa bure nafasi ya kusajili biashara ili ionekane kwenye ramani, ikiwa na simu, saa za kazi, picha na maoni ya wateja. Huduma hiyo tangu mwaka 2021 inaitwa Google Business Profile. Mtu aliyeko Mbagala akitafuta asali jirani naye, ramani hiyo inaweza kumleta mpaka mlangoni. Waombe wateja halisi waandike maoni yao. Usiandike mwenyewe wala usinunue, kwa maana maoni 20 ya sifa yaliyoandikwa siku moja kwa mwandiko mmoja yanamwambia msomaji kitu ambacho hukukusudia akijue.

Kumbuka pia kwamba mgeni wako anatumia simu, tena kwa bando alilolinunua kwa fedha yake. Picha kumi zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, kila moja ikiwa na megabaiti nne, zitamla megabaiti 40 kabla hajaona bei. Wengi wataondoka ukurasa ukiwa bado unafunguka. Mwambie fundi wako azipunguze picha ziwe kilobaiti mia moja au mia mbili, nazo zitaonekana vizuri tu kwenye kioo cha simu. Google nayo, kwa kazi iliyoikamilisha mwaka 2023, sasa husoma zaidi ukurasa kama unavyoonekana kwenye simu. Kwa hiyo usiikague tovuti yako kwenye kompyuta ya fundi ofisini kwake. Ikague kwenye simu ya bei nafuu, ukiwa ndani ya daladala.

Baadhi ya wasomaji watasema: tovuti ya nini, wakati wateja wote wako Instagram na WhatsApp? Ni kweli wako huko, nasi tuwafuate huko. WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, ni nyenzo nzuri kwa mfanyabiashara mdogo. Lakini huko sisi ni wapangaji. Mwezi Novemba 2019 soko la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake hapa Tanzania, na wauzaji waliokuwa wakilitegemea iliwabidi watafute pa kuuzia. Akaunti ya mtandao wa kijamii nayo inaweza kufungiwa au kuibwa asubuhi moja. Jina lako mwenyewe, linaloishia na .co.tz, ni kiwanja chako. Mitandao ya kijamii ni barabara za kuelekea huko.

Hata kiwanja hicho kisikulevye. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, tovuti na WhatsApp vyote vilinyamaza pamoja. Mwenye namba za wateja wake kwenye daftari ndiye aliyeweza kuwafuata kwa simu ya kawaida pale hali iliporuhusu. Wekeni daftari hilo. Ila muombe mteja ruhusa kabla ya kumtumia ujumbe wa biashara, maana tangu mwaka 2023 tuna sheria inayotumika ya ulinzi wa taarifa binafsi, na pia ni adabu.

Mwisho, njia ya kuleta wageni ambayo wengi wanaisahau imo mikononi mwao kila siku: chupa yenyewe. Chupa ya asali hukaa jikoni kwa wiki kadhaa, na kila anayefungua kabati huiona. Andika jina la tovuti kwenye lebo kwa herufi zinazosomeka, karibu na namba ya simu. Andika kwenye mfuko wa kubebea, kwenye stakabadhi, na kwenye kibao cha banda lako Sabasaba na Nanenane. Mtu aliyekwisha kuonja akija kwenye tovuti anakuja kununua tena, na huyo mmoja anawashinda mia waliokuja kwa bahati mbaya.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme muuzaji wa kwanza ana wageni 10,000 wa kununuliwa na hauzi chupa hata moja. Wa pili ana wageni 200 kwa mwezi, waliokuja kwa sababu waliuliza swali naye akalijibu, na katika kila 20 mmoja ananunua. Huyo wa pili ameuza chupa kumi, tena ana watu kumi wa kumsemea. Mwezi ujao ataanzia hapo. Wa kwanza ataanza upya kwa kukopa.

Kwa hiyo usihesabu wageni peke yao. Kila anayepiga simu muulize, “Umetufahamu vipi?” Jibu lake liandike. Kila Jumamosi tazama mambo matatu: wangapi wametembelea, wangapi wamepiga simu, wangapi wamenunua. Wakitembelea wengi na wasipige simu, kasoro iko kwenye ukurasa. Wakipiga simu wasinunue, kasoro iko kwenye bei, usafirishaji au majibu yako.

Yule mama wa asali hatimaye alikaa na binti yake jioni moja, wakaandika bei, ujazo, mahali wanapotoa mzigo, nauli ya kifurushi cha basi kwenda mikoani, na majibu ya maswali sita. Hawakumlipa mtu. Siwezi kusema ametajirika. Ila aliponipigia mara ya mwisho alilalamika kwamba watu wanamsumbua kwa simu usiku, wakitaka kujua kama chupa za lita moja bado zipo.

Nilimwambia hayo ndiyo malalamiko ninayowatakia wafanyabiashara wenzake wote. Wewe msomaji uliye na tovuti, kabla hujamlipa mtu yeyote akuletee wageni, ifungue leo kwenye simu yako kama mgeni. Ukimaliza dakika moja hujaiona bei, usimtafute mchawi.